Namcha Bwana: Maneno Tunayovaa Kifuani

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Hesabu 15:37–41, Walawi 19:13–14, Wakolosai 3:12–14
Wazo kuu: Ukivaa jina la Mungu, umewapa watu haki ya kukudai.



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando pale mlangoni. Macho yake yalikuwa kwa kijana wetu wa kinanda.

"Pasta," akasema, "ile hudi ya huyu kijana imeandikwa nini? Wajukuu wananiambia ni Hofu ya Mungu kwa Kizungu. Sasa mbona iko na kofia ya kufunika uso na rangi ya majivu? Hiyo si alama ya hawa watu wa giza?"

Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki moja niangalie vizuri, nitakujibu."

Mimi mwenyewe siku hiyo nilikuwa nimevaa tisheti yetu mpya ya vijana, ile ya kijani yenye maneno NAMCHA BWANA kifuani. Mzee hakuuliza habari ya yangu. Ya kanisa haikumpa shida. Somo la leo linaanza na hudi ya kijana, lakini nawaambia mapema kwamba litaishia kwa tisheti ya pasta.

1. Hudi ile ilitoka wapi?

Kampuni inaitwa Fear of God. Ilianzishwa mwaka wa 2013 mjini Los Angeles, Marekani, na mtu anayeitwa Jerry Lorenzo. Baba yake, Jerry Manuel, alicheza besiboli na baadaye akawa kocha mkuu wa timu ya Chicago White Sox. Lorenzo alilelewa katika nyumba ya watu wanaoomba. Alisomea usimamizi wa biashara hadi digrii ya pili, na kabla ya kuingia katika nguo alikuwa akiandaa sherehe za usiku pale Los Angeles. Kwa hiyo ni mtu aliyejua kanisa na akajua klabu pia.

Jina la kampuni, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitoka katika ibada ya nyumbani. Alikuwa akisoma kitabu cha tafakari za kila siku cha Oswald Chambers. Chambers alikuwa mhubiri kutoka Uskoti aliyefariki Cairo, Misri, mwaka wa 1917, akiwahudumia askari wakati wa vita. Kitabu chake, My Utmost for His Highest, kilitoka mwaka wa 1927, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa sababu mkewe alikuwa ameyaandika mahubiri yake kwa hati ya mkato na akakaa akiyapanga moja baada ya lingine. Humo Lorenzo alikutana na habari ya mawingu na giza vinavyomzunguka Mungu, jambo tunalolisoma katika Zaburi 97:2. Wazo likamkaa: kwa mtu asiyemjua Mungu, lile wingu linatisha. Kwa mtu anayemjua, lile wingu ni utukufu, na mbele yake mtu huinama kwa heshima. Jina moja, maana mbili, kutegemea umesimama wapi.

Hebu sasa tazama zile nguo. Nyingi ni nyeusi, kijivu na rangi za udongo. Ni pana, hazibani mwili. Maandishi mara nyingi ni machache. Ile laini inayoitwa Essentials, ambayo vijana wetu wanaijua zaidi, ndiyo ya bei ya chini kidogo, na hata hiyo hudi moja halisi huko kwao imekuwa ikiuzwa kwa karibu dola 100. Kijana wetu aliinunua sokoni hapa Isiolo kwa shilingi 800. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya wenyewe.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili: jina lile halikutoka gizani. Lilitoka katika kusoma Neno. Kama mwenye kampuni analiishi au haliishi, hiyo ni kati yake na Mungu wake. Lakini swali lako ni zuri, na tulirudishe kwetu. Mtu akivaa jina la Mungu, amefanya nini hasa?

2. Nguo kusema si jambo jipya

Sisi watu wa hapa hatuwezi kushangaa nguo ikizungumza. Mama zetu wana leso. Kule Mombasa, tangu karne ya 19, kulikuwa na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na inasimuliwa kwamba ndiye aliyeanza kuweka maneno ya Kiswahili kwenye leso. Hadi leo mama akinunua leso anasoma jina kwanza, rangi baadaye. Kuna leso za kumshukuru Mungu, kuna za kuombea wazazi, na kuna za kumjibu jirani bila kufungua mdomo. Mnazijua, wala sitauliza ni nani anayo ya namna gani.

Tena sisi tunaishi mji wa jeshi. Shule ya askari wa miguu iko hapa, kambi ziko hapa. Kila mtoto wa Isiolo anajua kwamba kombati ya jeshi haivaliwi na raia, hata kama umeipata safi kwenye mtumba. Ukikamatwa nayo utaeleza. Kwa nini, na ni kitambaa tu? Kwa sababu yule askari hakuinunua. Alikula kiapo, akapewa. Akifanya aibu akiwa ameivaa, aibu haiishii kwake, inafika kwa jeshi lote.

Biblia nayo ina nguo zenye maana. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni vishada (Hesabu 15:37–41). Mungu aliwaagiza Waisraeli waweke vishada kwenye ncha za mavazi yao, kama zile nyuzi za mwisho wa shuka, na katikati uzi wa buluu. Sababu imeandikwa: wakiviangalia wakumbuke amri za Bwana na kuzitenda, wasifuate macho yao na mioyo yao. Angalia vizuri hapo. Anayetakiwa kusoma alama ni yule aliyeivaa. Ilikuwa ya kumkumbusha yeye.

Ya pili ni bamba la dhahabu la kuhani mkuu (Kutoka 28:36). Liliandikwa maneno ya kusema kwamba yeye ni mtakatifu kwa Bwana, likafungwa kwenye kilemba mbele ya paji la uso. Na kifuani alibeba majina ya makabila yote kumi na mawili (Kutoka 28:29). Yaani huwezi kuvaa jina la Mungu kwenye paji bila kubeba majina ya watu kwenye moyo. Hivyo viwili vilivaliwa pamoja.

Ya tatu ni ile tunayoisahau. Zekaria 14:20–21 anaona siku ambayo maneno yale yale ya kwenye bamba la kuhani yataandikwa kwenye njuga za farasi, na vyungu vya kawaida vya jikoni vitakuwa vitakatifu kama vyombo vya hekalu. Utakatifu utatoka kwenye paji la uso uingie kwenye usafiri na jikoni. Kwa lugha ya hapa kwetu, ufike kwenye boda boda na kwenye sufuria.

Bwana Yesu alivaa vishada pia. Yule mama aliyetokwa na damu aligusa pindo la vazi lake (Mathayo 9:20). Lakini huyo huyo Yesu aliwakemea walimu waliorefusha vishada vyao ili watu wawaone (Mathayo 23:5). Hakukataza kishada, alikemea kukirefusha kwa ajili ya macho ya watu.

3. Kumcha Mungu ni nini?

Waingereza wana neno moja la fear kwa mambo mawili. Sisi tumebarikiwa: tuna kuogopa na tuna kucha. Naogopa fisi, naogopa ajali pale barabara ya Moyale. Lakini Mungu namcha. Kumcha ni kumheshimu kiasi kwamba hata akiwa haonekani nafanya kama ananitazama, kwa sababu kweli ananitazama.

Nilipokuwa nikitayarisha somo hili niliamua kutafuta katika Walawi mahali ambapo Musa anaagiza watu wamche Mungu wao. Nilitarajia kukuta habari za madhabahu na uvumba. Nilikuta mahali patano, na hakuna hata pamoja pa ibada:

Walawi 19:14: usimtukane kiziwi, usimwekee kipofu cha kumkwaza, bali umche Mungu.

Walawi 19:32: simama mbele ya mwenye mvi, umheshimu mzee, na umche Mungu.

Walawi 25:17: mkiuziana ardhi msidhulumiane, bali umche Mungu.

Walawi 25:36: ndugu yako akiwa maskini usimtoze riba wala faida, bali umche Mungu.

Walawi 25:43: mtu akikufanyia kazi usimtawale kwa ukali, bali umche Mungu.

(Hayo nimeyaweka kwa maneno yangu. Yasomeni wenyewe nyumbani.)

Hao wote wanafanana wapi? Ni watu wasioweza kukulazimisha. Kiziwi hasikii tusi lako, kwa hiyo hatakujibu. Kipofu hatajua ni nani aliyeweka jiwe. Mzee hana nguvu za kukufukuza. Maskini hana wakili. Mfanyakazi anaogopa kupoteza kazi. Hakuna mwanadamu atakayekushika. Basi aliyebaki kukuzuia ni Mungu peke yake, na hapo ndipo inajulikana kama unamcha ama humchi.

Na mstari unaotangulia ule wa kiziwi, Walawi 19:13, unasema mshahara wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi.

4. Tisheti ya pasta

Hayo yote niliyaandika Jumatatu jioni, nikafurahi, nikaona somo limekaa vizuri. Jumanne nikaenda kwa fundi.

Lazima niwaeleze kwanza. Zile tisheti za NAMCHA BWANA, wazo lilikuwa langu. Nina digrii ya biashara, na nilitaka vijana wawe na kitu chao, jina lao, labda siku moja liwe chapa ya kuuza hadi Meru na Marsabit. Tulitengeneza 60 kwa shilingi 600 kila moja, jumla 36,000. Fundi ni mama mmoja Mwislamu, ana kibanda chake karibu na soko na mashine ya kudarizi. Alizinunua tisheti kwa pesa yake, akadarizi maneno moja moja. Tulimpa 16,000 ya kuanzia. Vijana walilipa zao zote. Lakini wakati huo tulikuwa na mkutano wa injili, spika na hema zinataka pesa, na ile 20,000 iliyobaki ikaingia huko. Tukasema Bwana atafungua mlango, fundi tutamlipa.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita.

Jumanne nilifika na furaha. "Mama, habari ya kazi? Nimekuja na oda nyingine. Arobaini."

"Nzuri, Pasta. Karibu ukae," akasema. "Lakini hiyo siwezi."

"Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Sina pesa ya kununua tisheti. Pesa yangu iko kwenu."

Nikaanza kujitetea. Nikamuuliza mbona hakunipigia simu. Akaniambia alipiga mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu niko kwa mkutano, nitampigia. Ni kweli. Nilikumbuka pale pale.

Kisha akasema jambo ambalo sijaweza kulitoa masikioni. "Pasta, wewe mwenyewe ulitaka tuandikiane karatasi. Mimi ndiye nilikataa, unakumbuka? Nilikuwa nimeona yale maneno. Nikasema mtu wa maneno haya hatuandikiani. Nimeyashona mara sitini. Kwetu pia kumcha Mungu si neno la mchezo."

Hakupaza sauti. Akanipa chai. Kila Jumamosi alikuwa akiwaona vijana wetu wakipita mbele ya kibanda chake wakielekea mazoezi ya kwaya, na kifuani wamebeba kazi ya mikono yake ambayo haijalipwa, imeandikwa kwamba wanamcha Bwana.

Wapendwa, chuoni tulifundishwa kwamba pesa ya anayekuletea bidhaa ukiikalia, umepata mkopo usio na riba. Wenye maduka makubwa wanafanya hivyo kila siku na wanaita akili. Nami nilifanya bila hata kufikiri. Nilichukua mkopo kwa mama wa kibanda, bila kumwomba, bila kumwambia, nikautumia kuhubiri injili. Walawi 25 inanikataza kumtoza maskini riba. Mimi nilienda mbali zaidi: nilimfanya maskini anikopeshe mimi.

Na niliweza kwa sababu gani? Kwa sababu hangeweza kunifanya kitu. Hakuwa na karatasi. Si mshirika wetu, hangesimama kanisani kulalamika. Angekuja kudai, watu wangesema Mwislamu anasumbua kanisa. Alikuwa yule kiziwi wa Walawi 19:14.

Usiku ule nilimtumia 8,000 kwa M-Pesa kutoka kwa mfuko wangu, ndizo nilizokuwa nazo. Kamati ilipokutana nikawaeleza. Mmoja akasema tungoje mwisho wa mwezi, kwani mama mwenyewe hajalalamika. Nikamwambia ndiyo maana lazima tulipe wiki hii. Ile 12,000 ilipatikana, tukaipeleka Alhamisi, tukiwa watu wawili, mchana, mlango wazi. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Yameisha, Pasta."

Kama atatushonea tena, hajasema, nami sijamuuliza. Ile oda ya arobaini nimeisimamisha. Tisheti yangu bado nimeikunja ndani ya sanduku.

5. Basi tufanye nini?

Mtume Paulo katika Wakolosai 3:12–14 anatuandikia orodha ya nguo: huruma, wema, unyenyekevu, upole, uvumilivu, na juu ya yote upendo, ambao ndio unaoshikanisha mengine. Hakuna hata moja ya hizo inayouzwa sokoni, na hakuna ya kuiga. Kwa hizo ndizo mtu wa nje anajua uko jeshi gani. Kutoka hapo nina mambo manne ya kushika:

Moja. Wazee na wazazi, tusihukumu kijana kwa hudi. Muulize, "Hayo maneno yana maana gani kwako?" Nilimuuliza wa kinanda. Akaniambia anaivaa siku za shule kwa sababu ikiwa juu yake anaona haya kufanya mambo fulani. Hicho ni kishada cha Hesabu 15, hata kama kilinunuliwa shilingi 800.

Mbili. Vijana, kabla hujavaa neno, lisome kama deni. Ukivaa neno la upendo, mtu wa kwanza kukudai ni yule uliyemblock kwa simu. Ukivaa neno la kumcha Mungu, kondakta aliyekurudishia chenji zaidi ana haki ya kukusoma kifuani.

Tatu. Wafanyabiashara na waajiri, kagua wale wasioweza kukulazimisha: msichana wa kazi, mchungaji wa mbuzi zako, mama wa maziwa, fundi, kijana wa mjengo. Kama pesa yao imelala kwako, usiniletee fungu la kumi lake. Waamshe kwanza.

Nne. Kanisa letu, kuanzia sasa, halitavaa nguo ambayo aliyeishona hajalipwa yote. Kamati imekubali. Mkiona tumekosea, mtukumbushe hadharani.

Mji wetu una misikiti na makanisa, Waborana, Wameru, Wasomali, Waturkana na Wasamburu, wote wanauziana sukari na kuni. Wengi wao hawatawahi kusikia mahubiri yetu. Watatusoma tukinunua na tukilipa.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Hesabu 15:39. Kishada kilikuwa cha kumkumbusha nani? Alama unayovaa wewe (msalaba, tisheti, bangili) inamkumbusha nani?

2. Soma ile mistari mitano ya Walawi. Katika maisha yako, nani hawezi kukulazimisha kumtendea haki?

3. Kwa nini ni rahisi kumcheleweshea pesa mtu asiyelalamika kuliko benki?

4. Je, kazi ya injili inaweza kuwa kisingizio cha kudhulumu? Toa mfano bila kumtaja mtu.

ZOEZI LA WIKI

Kabla ya Jumapili, andika majina ya watu unaowadai upande mmoja na wanaokudai upande mwingine. Anza na upande wa pili. Lipa hata mmoja. Kama huna, mpigie yeye kabla hajakupigia, umwambie ukweli na siku utakayolipa.

OMBI

Bwana, wewe unamwona kiziwi, unamsikia asiyelalamika. Tusamehe pale tulipobeba jina lako kifuani na kubeba pesa ya jirani mfukoni. Tufundishe kukucha sokoni kama tunavyokucha madhabahuni. Mbariki mama huyu na mikono yake, umrudishie siku alizokaa bila mtaji kwa ajili yetu. Tuvishe upendo. Katika jina la Yesu, amina.